Kwa Nini Ndoo ya Kwanza Inanuka Dawa na ya Mwisho Hainuki

Jinsi vitu vinavyosambaa katika maji na katika hewa, na maana yake kwa kamati za maji na kaya za Kibondo na Kasulu

Katika vikao vya kamati za maji vya sharika zetu, swali moja limekuwa likijirudia kila tunapozungumzia utiaji wa klorini kwenye matangi. Mama mmoja, mjumbe wa kamati upande wa Kibondo, aliliweka wazi kuliko sisi tuliokwenda kufundisha: “Tukitia dawa kwenye tangi, ndoo ya kwanza inanuka mpaka watoto wanakataa kunywa. Ndoo ya jioni haina harufu kabisa. Dawa ni ile ile, tangi ni lile lile. Inakwenda wapi?”

Swali hili linastahili jibu kamili. Kwanza, familia inayochota ndoo ya jioni inaamini inakunywa maji yaliyotibiwa, kumbe huenda hayajaguswa na dawa. Pili, baadhi ya wafadhili wetu wametuuliza kwa nini katika bajeti ya maji tumeweka kifungu cha vidonge vya kupimia, ndoo za kuchanganyia na siku za mafunzo, badala ya kuongeza makopo ya klorini tu. Jibu la mama yule na jibu la wafadhili ni moja, nalo linatokana na jambo ambalo walimu wa sayansi huliita difyusheni, yaani kusambaa kwa chembe kutoka mahali zilipojaa kwenda mahali zilipo chache.

Chembe zisizotulia

Maji yaliyotulia kwenye glasi hayajatulia hata kidogo. Yameundwa na chembe ndogo mno, molekuli, ambazo zinasukumana na kugongana bila kukoma. Hewa ni hivyo hivyo, ila molekuli zake zimeachana sana. Katika joto la kawaida la chumba, molekuli ya oksijeni hukimbia kwa kasi ya zaidi ya mita 400 kwa sekunde, ambayo ni kasi kuliko sauti. Lakini haifiki mbali, maana hugongana na wenzake mara bilioni kadhaa kila sekunde, na kila mgongano huigeuza uelekeo. Ni kama mtu anayejaribu kuvuka soko la Kasulu siku ya gulio: miguu ina mbio, lakini kila hatua ana bega la kukwepa.

Mtu wa kwanza kueleza jambo la namna hii kwa uangalifu alikuwa mtaalamu wa mimea wa Uskochi, Robert Brown, mwaka 1827. Alitazama kwa hadubini vipande vidogo sana vilivyotoka kwenye chavua, vikielea majini, akaona vinatetemeka na kuhamahama bila kusukumwa na mtu. Mwanzoni angeweza kudhani vina uhai. Akajaribu na vumbi la mawe, nalo likacheza vile vile. Ilichukua miaka mingi kupata maelezo: mwaka 1905 Albert Einstein alionyesha kwa hesabu kwamba ni molekuli za maji zisizoonekana ndizo zinazovigonga vipande hivyo kutoka kila upande, na miaka michache baadaye Mfaransa Jean Perrin akathibitisha kwa vipimo. Perrin alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1926.

Sasa, kwa nini chembe zinazokwenda ovyo hivi huishia kusambaa sawasawa? Wafikirie watoto 100 wa shule ya Jumapili wamesimama upande mmoja wa uwanja wa kanisa, na wengine 10 upande wa pili. Wote wamefungwa vitambaa machoni na kila mmoja anatembea anakotaka. Hakuna aliyeamriwa kuvuka. Lakini kwa kuwa upande wa kwanza wako wengi, watakaovuka kwenda upande wa pili watakuwa wengi kuliko watakaorudi. Baada ya muda utawakuta wamegawanyika karibu nusu kwa nusu, na hata hapo bado wanavuka, ila wanaokwenda na wanaorudi wamekuwa sawa. Hiyo ndiyo difyusheni. Hakuna nguvu ya ajabu inayoivuta dawa kwenda kwenye maji yasiyo na dawa. Ni wingi tu na mwendo usiokoma.

Sheria inayotuponza

Mwaka 1855 daktari wa Kijerumani, Adolf Fick, ambaye kazi yake hasa ilikuwa kuchunguza mwili wa binadamu, alipima jinsi chumvi inavyosambaa ndani ya maji na kuandika kanuni zinazotumika hadi leo. Ndani ya kanuni hizo kuna jambo moja ambalo ningependa kila mjumbe wa kamati ya maji alishike: muda haulingani na umbali, bali unakua kwa mraba wa umbali. Umbali ukiwa mara 2, muda ni mara 4. Umbali ukiwa mara 10, muda ni mara 100.

Tulete hesabu hiyo nyumbani. Klorini iliyoyeyuka, ikiachiwa difyusheni peke yake ndani ya maji yaliyotulia kabisa, huvuka milimita 1 kwa dakika kama 6. Si mbaya. Ili ivuke sentimita 1 inahitaji kama saa 10. Ili ishuke kutoka juu ya ndoo ya lita 20 hadi chini, kama sentimita 30, inahitaji takriban mwaka mzima. Na kwenye tangi lenye kina cha mita 2, ni zaidi ya miaka 40.

Bila shaka maji ya tangi hayatulii kiasi hicho. Jua hupasha bati au plastiki mchana, usiku wa huku kwetu milimani hupoza, maji ya joto hupanda na ya baridi hushuka, na mwendo huo huchanganya kwa kiasi fulani. Lakini mwendo huo ni wa kubahatisha, na watu hawasubiri. Kufika saa 2 asubuhi foleni ya ndoo iko bombani.

Jibu la mama wa Kibondo ndilo hili basi. Klorini ya unga iliyokorogwa katika maji kidogo ni nzito kuliko maji ya kawaida. Mtunza tangi akipanda ngazi na kuimimina juu ya tangi lililojaa, haitandai juu. Inazama moja kwa moja mpaka chini. Na bomba liko wapi? Liko chini. Ndoo za kwanza zinabeba sehemu kubwa ya dawa yote, harufu inapasua pua, na watoto wana haki ya kukataa. Maji ya juu, yasiyoonja dawa, yanateremka taratibu na kuwafikia wachotaji wa jioni. Kuongeza makopo ya klorini hakutatui chochote hapo. Kunafanya ndoo ya kwanza inuke zaidi, na wachotaji waanze kusema kwamba dawa ya mradi ni sumu.

Tiba yake ni ndogo na haina gharama kubwa. Unga ukorogwe kwanza kwenye ndoo ya plastiki, uachwe chokaa yake izame, kisha maji maangavu ya juu yamiminwe wakati tangi likiwa na maji robo tu, halafu bomba la kuingiza lifunguliwe lijaze lililobaki. Maji yanayoanguka kwa nguvu hufanya kazi ya mwiko.

Kukoroga hakuchukui nafasi ya difyusheni. Mwiko hauwezi kuifikisha dawa kwenye kila tone. Unachofanya ni kuichana katika nyuzi nyembamba na kuzitandaza ndani ya maji yote, mpaka umbali kutoka uzi mmoja hadi mwingine unakuwa chini ya milimita. Hapo ndipo difyusheni inapomalizia. Sehemu ya kumi ya milimita huvukwa kwa sekunde kama 4. Kile kilichokuwa kazi ya mwaka kinakuwa kazi ya kufumba na kufumbua macho, kwa sababu safari imefupishwa.

Basi kwa nini bado tunawaambia watu wasubiri nusu saa?

Hapa nimesikia maelezo mengi yasiyo sahihi, hata kutoka kwa wenzetu wa mradi. Dakika 30 si muda wa dawa kusafiri; ukikoroga vizuri imeshafika. Ni muda wa dawa kufanya kazi. Klorini lazima iingie ndani ya kijidudu na kuharibu vitu vinavyokiweka hai, na wakati huo huo inapungua kwa kupambana na uchafu mwingine uliomo majini. Maji yakiwa na tope, vijidudu vingine vimejificha ndani ya punje za udongo, na dawa inapaswa kupenya humo huku ikiliwa njiani. Ndiyo maana maji ya mto au ya dimbwi huchujwa kwanza kwa kitambaa safi au kuachwa yatulie, na yakiendelea kuwa na ukungu dozi huongezwa. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba baada ya nusu saa hiyo ibaki angalau miligramu 0.5 ya klorini huru katika kila lita. Masalia hayo ndiyo mlinzi wa maji ndani ya ndoo nyumbani, pale kikombe na mikono vinapoingia. Vidonge vya kupimia tunavyoviombea fedha huyageuza maji rangi ya waridi palipo na masalia. Ndoo ya mwisho isipogeuka rangi, tunajua.

Wanaouliza kama jambo hili lina uzito wakumbuke Mei 2015. Wakimbizi kutoka Burundi walikuwa wamerundikana katika kijiji cha Kagunga, kwenye ukanda mwembamba kati ya milima na Ziwa Tanganyika, wakisubiri meli ya MV Liemba iwapeleke Kigoma ili wafikishwe kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu. Maji ya kunywa yalikuwa ya ziwa, na vyoo vilikuwa vichache mno kwa umati ule. Kipindupindu kililipuka, maelfu waliugua na watu wapatao 30 walipoteza maisha. Kijidudu cha kipindupindu si kigumu kuuawa. Klorini kidogo iliyochanganywa vizuri inakimaliza. Ugumu ulikuwa kuifikisha dawa hiyo kwenye kila ndoo.

Hewa: haraka zaidi, lakini si kama tunavyodhani

Katika hewa difyusheni ni kama mara 10,000 haraka kuliko majini, kwa kuwa molekuli zimeachana. Hata hivyo mfano tuliofundishwa shuleni, wa mtu kufungua chupa ya manukato na harufu kufika nyuma ya darasa baada ya dakika moja, si mfano mzuri. Kwa difyusheni peke yake harufu huvuka sentimita 10 kwa dakika kama 4, lakini mita 1 huichukua kama saa 7. Harufu ya pilau inayokufikia ukiwa bado uko barabarani imebebwa na upepo na joto la jiko.

Nalisema hili kwa sababu ya jiko la mkaa. Kibondo na Kasulu ziko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai ni wa baridi. Tunajua kinachofanyika: jiko linaingizwa chumbani, mlango unafungwa, watoto wanalala. Wakati wa msiba huwa ni hatari zaidi, maana chumba kimoja kinabeba wageni wengi na hakuna anayejua nani aliingiza jiko.

Mkaa unaowaka bila hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Mkaa uliokwisha kutoa moshi na kubaki makaa mekundu bado unaitoa, kwa hiyo ile imani kwamba “jiko likishashika vizuri halina madhara” ni ya kuachwa kabisa. Wapo pia wanaosema ni gesi nzito, inatambaa chini, basi anayelala kitandani amesalimika na anayelala mkekani ndiye yuko hatarini. Wengine husema kinyume chake. Wote wamekosea. Molekuli ya kaboni monoksaidi ina uzito wa 28, na hewa kwa wastani ni karibu 29. Haipandi wala haishuki. Inachanganyika na kuenea chumba kizima, juu ya kitanda na chini yake.

Ikifika kwenye mapafu, difyusheni inageuka adui. Mapafu yetu yana vifuko vya hewa vipatavyo milioni 300 au zaidi, na utando unaotenganisha hewa na damu ni mwembamba kuliko sehemu ya elfu moja ya milimita. Mungu ameufanya mwembamba hivyo kwa sababu ya sheria ile ile ya mraba: kwa umbali mfupi namna hiyo oksijeni inavuka papo hapo. Lakini mlango huo haumchagui mgeni. Kaboni monoksaidi nayo inavuka papo hapo, na ikishaingia inang'ang'ania chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu anaumwa kichwa, anapata kizunguzungu na kutapika, na huku kwetu wengi watasema ni malaria. Ikiwa watu wawili au watatu wa chumba kimoja wanaumwa kichwa kwa pamoja na jiko liko ndani, watolewe nje kwanza kwenye hewa safi, kisha wapelekwe hospitali haraka. Mtu akipumua hewa ya kawaida, nusu ya gesi hiyo hutoka mwilini kwa saa 4 hadi 5. Akipewa oksijeni ya hospitali ni kama saa 1 na nusu au pungufu.

Ufa wa dirisha hautoshi. Jiko linazalisha gesi haraka kuliko inavyoweza kupenya kwenye ufa. Panatakiwa matundu mawili yanayoelekeana ili upepo upite, na hata hivyo jiko lisilale ndani.

Kwa upande wa stoo za sharika zinazohifadhi klorini, hali ni tofauti kidogo. Gesi ya klorini ina uzito karibu mara 2 na nusu wa hewa, hivyo inapotoka kwenye kopo lililofunguka hujikusanya sakafuni kabla ya kusambaa. Stoo iwe na tundu la hewa karibu na sakafu, makopo yafungwe sawasawa, yawe mbali na mafuta ya taa na tindikali, na yasiwekwe chumba kimoja na vyombo vya chuma mnavyovithamini. Kutu itawaambia kama hamkufunga vizuri.

Unga wa mihogo na unene wa sentimita moja

Akina mama wengi wanaosoma jarida hili wanaijua difyusheni vizuri kuliko waandishi wa vitabu, ila hawaiiti kwa jina hilo. Ugali wa mihogo ni chakula cha kila siku katika kaya nyingi za hapa na za majirani zetu wa Burundi na Kongo. Mihogo michungu ina kitu kinachozaa sayanidi, ambayo ni sumu. Ndiyo maana bibi zetu waliivundika mihogo majini siku 3 au zaidi, mpaka ikalainika, kabla ya kuianika na kuitwanga. Ndani ya muhogo, sumu na kimeng'enya kinachoivunja vimetengwa katika sehemu tofauti za seli. Muhogo ukioza kidogo, au ukipondwa, kuta hubomoka, viwili hivyo hukutana, na sayanidi hutoka. Sehemu yake huenda na maji na sehemu huondoka kama gesi.

Tatizo huja wakati wa njaa au mahitaji makubwa ya soko, siku za kuvundika zinapopunguzwa na mihogo kukatwa na kuanikwa juani tu. Jua hukausha vipande haraka kabla sumu haijapata nafasi ya kutoka katikati. Hapa nchini matokeo yake yalionekana Tarime mwaka 1985 wakati wa ukame, na tena Mtwara na Mbinga katika miaka ya 2000: ugonjwa wa konzo, unaopooza miguu ghafla na usiopona, na unaowapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Huko Kasese, magharibi mwa Uganda, Septemba 2017 watu kadhaa wakiwemo waombolezaji waliosindikiza msiba waliugua kwa pamoja baada ya kula unga wa mihogo wenye sumu, na wawili walifariki.

Mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, Howard Bradbury, pamoja na wenzake, walibuni njia rahisi ya kupunguza sumu iliyobaki kwenye unga, na ilitumika Mtwara kukabiliana na konzo. Unga mkavu unawekwa kwenye bakuli na alama inachorwa ndani mahali unga ulipofikia. Maji yanaongezwa huku ukichanganya. Kwanza unga unashuka chini ya alama, kisha unapanda. Ukifikia tena alama ile, maji yametosha. Halafu unga huo mbichi unatandazwa juu ya mkeka au ungo, unene usiozidi sentimita 1, na kuachwa saa 2 juani au saa 5 kivulini. Sayanidi inatoka kama gesi na kwenda na upepo, nje ya nyumba. Kiasi cha sumu hupungua mara 3 hadi 6. Unga huo hupikwa siku hiyo hiyo.

Watu hupuuza neno moja katika maelezo hayo, nalo ni unene. Gesi iliyo katikati ya unga lazima isafiri mpaka juu ndipo iondoke. Mama aliyetandaza sentimita 2 ili kuokoa nafasi kwenye mkeka anadhani ataongeza saa mbili tu. Kwa sheria ya mraba anahitaji muda mara 4, na kabla haujatimia jua limezama. Ni afadhali mikeka miwili. Wala njia hii isichukuliwe kuwa ruhusa ya kuacha kuvundika; ni nyongeza juu ya kazi nzuri ya bibi zetu.

Neno kuhusu ziwa

Msomaji mmoja wa toleo lililopita aliuliza kwa nini dagaa na migebuka hawapatikani kwenye vilindi vya Ziwa Tanganyika. Ni jambo lile lile kwa kipimo kikubwa. Ziwa lina kina cha takriban mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal. Oksijeni huingia kutoka juu, na kama ingetegemea difyusheni ingehitaji muda usiohesabika kufika chini. Upepo hukoroga tabaka la juu tu, hivyo oksijeni hufika kama mita 100 upande wa kaskazini na zaidi ya hapo kusini, na chini ya hapo samaki hawezi kupumua. Mwaka 2003 makundi mawili ya watafiti yalitangaza kwamba ziwa limepata joto na uchanganyikaji wake umepungua. Kwa wavuvi hilo ni jambo zito, maana virutubisho vya chini visipokorogwa kuja juu, chakula cha dagaa hupungua.

Majaribio ya kufanyia kwenye kamati

Tunazishauri kamati zijionee zenyewe. Chukueni glasi mbili, moja ya maji ya moto na moja ya maji baridi, mdondoshe tone la wino katika kila moja bila kutikisa. Ya moto itachanganyika mapema, maana joto huongeza mbio za molekuli na pia huanzisha mikondo. Sehemu kubwa ya michirizi mtakayoiona ni mikondo hiyo, si difyusheni. Mkitaka kuiona difyusheni yenyewe, pikeni uji wa wanga wa mihogo mzito, muuache upoe na kuganda kwenye glasi, kisha mdondoshe wino juu. Uji ulioganda hauna mikondo. Mtakapoutazama kesho yake saa kama hiyo, rangi itakuwa imeshuka kiasi cha sentimita 1 hivi. Wazee wa kamati moja ya Kasulu walioona hivyo hawakuhitaji tena kuambiwa habari za kukoroga tangi.

Kamati zitakazohudhuria mafunzo ya robo ijayo zije na sampuli mbili za maji kutoka tangi lao, ndoo ya kwanza na ndoo ya mwisho ya siku moja, kwenye chupa safi zilizoandikwa saa ya kuchota. Zichotwe asubuhi na jioni ya siku ya kutia dawa na zipimwe palepale bombani kwa vidonge vilivyogawiwa, rangi iandikwe kwenye daftari, kwa kuwa klorini hupungua ikikaa na sampuli ya jana haitatuambia ukweli. Sharika ambazo bado hazijapata vidonge ziwasiliane na ofisi ya mradi kabla ya siku ya kutia dawa.